Mungu si ahadi ya gesi: matumaini kwa kijana aliyechoka kuahidiwa



Katika zile fadhila tatu za Kimungu tulizokaririshwa kwenye mafundisho ya kipaimara, kuna moja inapitwa haraka haraka. Imani tunafundishwa sana. Mapendo yanahubiriwa karibu kila Dominika. Matumaini yamekaa pale katikati kama mtoto wa kati wa familia, yupo ila hakuna anayemuulizia. Mwambie kijana yeyote akueleze matumaini ni nini, atakujibu kwamba ni kuamini mambo yatakuwa mazuri. Sawa. Sasa yasipokuwa mazuri?

Swali hili sikulikuta darasani. Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya Mtwara vijijini, huku chini kunakoelekea mdomo wa Mto Ruvuma, mahali ambapo ukisimama pwani unaiona Msumbiji kwa macho. Kuna kijana pale alikuwa mtumishi wa altareni mpaka alipomaliza kidato cha nne, kisha akaanza kupotea kidogo kidogo. Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya, tukiwa tumekaa chini ya mkorosho, akasema: "Frateri, nisikufiche. Mimi Mungu namuona kama wale wa gesi tu. Tunaahidiwa, tunashangilia, halafu bomba linapita." Wenzake walicheka, na mimi nilicheka, maana ilisemwa vizuri. Lakini usiku sikuiacha ile sentensi. Si maneno ya mtu asiyeamini chochote. Ni maneno ya mtu aliyeamini, akasubiri, akachoka.

Kwa ndugu zangu wa mikoa mingine niseme kidogo. Gesi asilia ya Mnazi Bay, pale Msimbati, iligunduliwa mwaka 1982. Watoto wengi wa Mtwara tumekua tukisikia kwamba chini ya mchanga wetu kuna utajiri. Mwaka 2012 ujenzi wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam ulipozinduliwa, umbali wa zaidi ya kilomita 500, watu wengi hapa waliona wanachukuliwa kilicho chao. Desemba mwaka huo wakaandamana. Mei 2013 zikatokea vurugu, mali zikachomwa, watu wakapoteza maisha. Mwaka 2015 mitambo ya Madimba ikaanza kazi. Katika miaka hiyo hiyo wapo waliojenga nyumba za kulala wageni wakisubiri wageni, na wapo vijana waliosoma fani wakisubiri ajira. Mradi mkubwa wa gesi wa Lindi umezungumzwa kwa zaidi ya miaka 10. Halafu ikaja korosho ya msimu wa 2018, bei ikagoma, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kubeba mzigo, na wapo wakulima waliosubiri malipo kwa miezi.

Siandiki siasa. Gesi imeleta umeme, hilo nalo ni kweli, na mambo ya sera wapo wenye kuyajua kuliko mimi. Ninachokitazama ni kile kinachotokea ndani ya roho ya mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 2013 na leo ana zaidi ya 20. Amejifunza mapema kwamba kutumaini ni ujinga. Mtu akijifunza hivyo kuhusu dunia, hawezi kuingia kanisani akajifunza kinyume chake kwa sababu tu Padri amesema.

Hapa nimwite rafiki yangu wa miaka mitatu ya falsafa, Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika Summa Theologiae anasema kitu tunachokitumaini lazima kiwe na sifa nne. Kiwe chema, maana mabaya tunayaogopa, hatuyatumaini. Kiwe bado hakijafika. Kiwe kigumu kukipata. Na pamoja na ugumu wake, kiwezekane. Ukiondoa ugumu, hicho si kitu cha kutumaini, ni cha kungojea tu, kama unavyongojea daladala ambayo lazima itapita. Ukiondoa kuwezekana, unabaki na kukata tamaa.

Tena kuna kipengele kimoja ambacho kilituchekesha sana darasani. Tomaso anauliza kwa dhati kabisa: je, matumaini ni mengi zaidi kwa vijana na kwa walevi? Na anajibu ndiyo! Walevi kwa sababu pombe inawapasha moto na kuwafanya wasione hatari. Nikiwa Mtwara msimu wa mabibo, nilipopita penye uraka saa kumi jioni na kusikia mipango inayopangwa pale, nilimkubali Tomaso moja kwa moja. Ukitaka kujua nani atakuwa tajiri mwakani, pita pale. Vijana nao, anasema, wana matumaini kwa sababu wakati ujao wao ni mrefu na uliopita ni mfupi, damu yao ina moto, na hawajapigwa mweleka mara nyingi, kwa hiyo wanaona kila kitu kinawezekana.

Sasa tazama. Tomaso aliandika karne ya 13 akiwafikiria vijana ambao bado hawajashindwa. Kijana wa Mtwara ameshashindwa kabla hajaanza. Ana umri wa kijana na kumbukumbu za mzee. Yale matumaini ya asili, ya damu moto, ambayo kila kijana huzaliwa nayo, kwake yamekwisha mapema. Ndiyo maana nasema huyu hasa ndiye anayehitaji kufundishwa vizuri kuhusu matumaini ya Kimungu, kwa sababu hayo mengine hana tena, na hayawezi kumdanganya.

Matumaini ya Kimungu yanatofautianaje na matarajio? Matarajio yana kitu na tarehe. Ajira kabla ya mwaka mpya, bei nzuri mnadani, mchumba, visa. Si dhambi kuwa nayo, na Mungu tunamwomba hata mkate wa kila siku. Lakini fadhila yenyewe, Tomaso anasema, inamlenga Mungu mwenyewe, na inaegemea msaada wa Mungu yuleyule. Tunachokitumaini ni yeye, na anayetufikisha ni yeye. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayaeleza vizuri haya kuanzia namba 1817, kaisome taratibu. Ni ngumu? Ndiyo, ni ile sifa ya tatu. Inawezekana? Ndiyo, lakini si kwa nguvu ya damu moto. Mambo ya gesi hayawezi kuiua fadhila hii, kwa sababu haikuahidi gesi. Kilichokufa ni matarajio yaliyovaa nguo za matumaini.

Tatizo ni kwamba wapo wanaotuuzia nguo hizo. Nenda mjini leo, utapewa kipeperushi: njoo na picha ya nyumba unayoitaka, nunua mafuta, nunua maji, ndani ya siku kadhaa utaona. Vijana Wakatoliki wengi wanakwenda huko kimya kimya Jumatano na kurudi kwetu Dominika. Siwasemi kwa dharau. Mwenye shida anakwenda penye mlango uliofunguka. Lakini sisi watu wa kusini tuna historia yetu ya maji, na inafaa tuikumbuke.

Mwaka 1905 wazee wetu walikuwa wamechoka kweli: kodi, viboko, kulimishwa pamba kwa nguvu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe akawapa maji, wakaamini kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Ule uchungu wao ulikuwa wa haki kabisa, sitaki mtu anisome vibaya. Na yale maji yalifanya jambo kubwa, yaliunganisha makabila ambayo hayajawahi kusimama pamoja. Lakini risasi hazikugeuka. Mwisho wa vita, 1907, kusini ilikuwa imejaa makaburi na njaa. Kinachouma zaidi katika habari ile ni kwamba matumaini ya watu wenye haki yaliwekwa juu ya kitu kisichoweza kuyabeba.

Kanisa letu nalo lilipita katika moto huohuo. Wabenediktini walikuwa na misheni Lukuledi na Nyangao, zote mbili zikateketea mwaka 1905. Tarehe 14 Agosti mwaka huo Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani akielekea Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mkristo wa Lukuledi, aliyebatizwa juzi tu. Ulimwomba Mungu awalinde, na kanisa limeungua. Kwa hesabu ya matarajio, biashara imefungwa. Mwaka uliofuata, 1906, misheni ikaanzishwa Ndanda, chini ya uwanda wa Makonde, palipo na chemchemi. Hakuna ndoto iliyotokea, hakuna malaika aliyesimulia kwa nini Nyangao iliungua. Watu walianza kuchimba msingi. Leo ukisema Ndanda, hata Mwislamu wa Mikindani anajua unasema shule na hospitali. Jimbo la Mtwara lenyewe, lililoundwa mwaka 1972, limetoka kwenye mizizi ya abasia ile.

Nikiishia hapo, utaniambia: Frateri, umechagua mfano ulioishia vizuri. Ni kweli. Kwa hiyo twende Kitaya.

Kitaya ni kijiji cha kwetu, kando ya Ruvuma. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto kutoka Cabo Delgado, ambako vita vilikuwa vimeanza Oktoba 2017. Wakaua, wakachoma nyumba. Watu wakakimbia na watoto mgongoni. Wakatoliki na Waislamu walikimbia njia moja, na ng'ambo ya mto mamia ya maelfu ya watu walikuwa wameshayaacha makwao. Mama mmoja kule kwenye jumuiya yetu alikuwa na ndugu zake upande ule. Hakuniuliza Mungu yuko wapi. Aliniuliza kama inafaa kuendelea kuwaombea kwa majina kama watu walio hai, au awaombee kama marehemu.

Sikuwa na falsafa ya kumjibu, na sidhani ipo. Kitabu cha Ayubu kinatuonya kwenye jambo hili. Wale marafiki watatu waliokuja na maelezo safi, kwamba Mungu hakosei na kila ateswaye ana sababu, mwishoni kabisa, katika sura ya 42, Mungu anawakasirikia wao. Ayubu aliyelalamika, aliyedai majibu, ndiye anayeambiwa amesema vema. Kwa hiyo mtu akifiwa usimkimbilie na sentensi za faraja za mtandaoni. Kaa naye. Yule mama tuliwaombea ndugu zake kwa majina, mmoja mmoja, kwa maneno ambayo yangefaa kwa aliye hai na kwa aliyekufa. Ilichukua muda, na jumuiya ikachelewa kwisha.

Sasa turudi kwako wewe ambaye hujafikiwa na Kitaya, lakini kichwani mna maswali usiyoyataja. Pengine unasali huku kitu ndani kinakuambia unaongea na ukuta. Unaogopa kumwambia padri, unaogopa zaidi kumwambia mama. Unajiona mnafiki unapopanga mstari wa Komunyo.

Katekisimu, namba 2088, inatenganisha mashaka ya aina mbili. Yapo mashaka ya hiari: mtu anaamua kuipuuza au kuikataa kweli ambayo Mungu ameifunua. Hayo ni kosa dhidi ya imani. Na yapo yasiyo ya hiari: kusitasita, kushindwa kuvuka vikwazo fulani, wasiwasi unaotokana na giza la imani yenyewe. Haya ya pili si sawa na ya kwanza, ingawa Katekisimu inaonya kwamba yakilelewa kwa makusudi yanaweza kumpofusha mtu. Kardinali Newman, mtakatifu wa Uingereza, alisema kwa maneno yake kwamba magumu hata yakiwa elfu kumi, hayajumlishwi yakawa shaka moja. Kuwa na swali usiloweza kulijibu ni jambo moja. Kuamua kwamba hakuna jibu ni jambo lingine.

Na usidhani watakatifu walikuwa na hali ya hewa nzuri muda wote. Teresa wa Mtoto Yesu aliingia katika giza la imani wakati wa Pasaka ya 1896, na giza hilo halikumwacha mpaka alipokufa Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Umri wako, au wangu. Mama Teresa wa Kolkata alibeba ukimya wa Mungu kwa miongo mingi huku akiosha vidonda vya watu. Yule baba katika Injili ya Marko, sura ya 9, anamwambia Yesu kwa pumzi moja kwamba anaamini na kwamba asaidiwe kutokuamini kwake. Yesu hamwambii aende nyumbani akajipange kwanza. Anamponya mtoto.

Barua kwa Waebrania, sura ya 6, inayaita matumaini nanga ya roho. Nilikuwa naupenda mfano huu kama mtu wa bara anavyoupenda, yaani bila kujua lolote kuhusu nanga. Mzee mmoja mvuvi wa Msimbati, Mwislamu, mtu wa utani sana, ndiye aliyenifungua macho. Nilimwamkia, tukaongea, nikamuuliza kwa nini kamba ya nanga yake ni ndefu hivyo wakati maji pale yalikuwa ya kiunoni. "Mwanangu," akasema, "sasa hivi ni ya kiunoni. Bamvua likija? Kamba ikiwa fupi, maji yakijaa, mashua inaing'oa nanga yenyewe." Akanionyesha na mashua jirani, ilivyokuwa imegeuza omo upande mwingine. Maji yakijaa inageuka huku, yakipwa inageuka kule. Mgeni akitazama atasema imekatika. Haijakatika.

Nimekaa na maneno yale muda mrefu. Vijana wengi tunaosema tumepoteza imani, tuna kamba tuliyopewa tukiwa na miaka 10. Sala tatu, nyimbo mbili, na Mungu anayewapa watoto wazuri vitu vizuri. Kwa maji ya kiunoni ilitosha. Sasa umefika chuo, umefiwa, umesaliti au umesalitiwa, umesoma hoja za watu wasioamini, maji yamejaa. Nanga haijabadilika, waraka ule unasema imeingia mpaka nyuma ya pazia, alikotangulia Yesu. Kinachotakiwa ni kuongeza kamba. Ukiacha kusoma dini baada ya kipaimara huku ukiendelea kusoma kila kitu kingine, usishangae mashua ikivutana na nanga.

Kuongeza kamba ni kazi ya kawaida tu. Chukua swali moja, lile linalokuuma hasa, uliandike, umpelekee mtu aliyesoma kuliko wewe. Soma Injili moja mpaka mwisho, si mstari wa siku kwenye simu. Nenda kitubio hata kama unahisi hakuna anayesikiliza, na umwambie padri hivyo hivyo kwamba unahisi hakuna anayesikiliza. Ataelewa, amewahi kusikia. Na shika shauri la Mtakatifu Ignasi wa Loyola: roho ikiwa katika ukiwa, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na nuru. Usiiache Misa wiki ambayo umefiwa na bei ya korosho imeanguka. Subiri. Wala usiende kuongeza uraka juu yake, Tomaso ameshatuambia ni matumaini ya aina gani yanayotoka kule.

Yule kijana wa gesi hajarudi altareni. Anakuja jumuiya, anakaa nyuma karibu na mlango, na anabisha. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mtu mzima, alitaka kumkataza kuuliza maswali mbele ya watoto. Baadaye akamwambia tu: "Baba, uliza, ila usiondoke kabla ya sala ya mwisho." Mpaka sasa haondoki.

Kazi ya wiki hii: soma Zaburi ya 88. Nakuonya mapema, haina mwisho mzuri. Zaburi nyingine za kilio hugeuka kidogo mwishoni, zikashukuru. Hii inaanza kwa kulia usiku na mchana, na neno lake la mwisho ni giza. Kanisa lingeweza kuiacha. Badala yake limeiweka katika Sala ya Mwisho ya kila Ijumaa, mapadri, watawa na sisi mafrateri tuisali kabla ya kulala, tuwe na giza siku hiyo au tusiwe nalo. Ukiwa na giza, inasema kwa ajili yako. Usipokuwa nalo, unaisema kwa ajili ya mtu wa Kitaya. Tukimaliza, taa zinazimwa, hakuna kuongea. Saa kumi na moja alfajiri kengele inagongwa, tunaamka kwa Masifu ya Asubuhi.